Amrish Puri na kazi ya kucheza adui: tuanzie wapi?

Kijiti wa Tanga

Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu kinaandaa filamu fupi ya dakika 25 hivi. Adui mkuu ni mwenye shamba la mkonge anayewapora wadogo zake urithi. Kijana tuliyempa nafasi hiyo ana kimo na ana uso, ila akianza kusema anafoka, na anafoka toka neno la kwanza hadi la mwisho. Mazoezini watu wanacheka.

Tumekubaliana asome kazi za Amrish Puri, maana katika filamu za Kihindi sidhani kama kuna adui aliyeogopwa huku kwetu kuliko yeye. Shida ni kwamba filamu zake ni mamia, na nyingi watu wanazijua kwa nakala za madijei tu. Kwa hiyo naomba wanaomjua vizuri: alipitia njia gani hadi akafika pale? Kijana atazame zipi, na ndani yake aangalie nini hasa? Ile sauti ni ya kuzaliwa au ya kutengenezwa? Na anayejua kamera na taa kwa bajeti ya watu wasio na bajeti, karibu pia.

Rili ya Zamani

Mkuu, nianze na njia, kwa sababu ndiyo inayojibu nusu ya maswali yako.

Puri alizaliwa Juni 22, 1932, Punjab. Kaka zake wawili, Chaman na Madan, walimtangulia Bombay (Mumbai ya leo) kwenye filamu, na Madan Puri mwenyewe alikuwa adui anayefahamika sana. Ungedhani mdogo mtu angepokelewa kwa mkeka. Wapi! Miaka ya 1950 alifanyiwa jaribio la kamera akakataliwa, sura ikaonekana ngumu mno kwa stelingi. Akaingia ofisini, shirika la bima ya wafanyakazi, akakaa huko zaidi ya miaka 20, na jioni anakwenda jukwaani.

Hapo jukwaani ndipo Amrish Puri alipotengenezwa. Alifanya kazi sana na mwongozaji Satyadev Dubey, akacheza tamthilia za waandishi wakubwa wa zama hizo, na mwaka 1979 akapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, ambayo ni heshima ya taifa kwa wasanii wa jukwaa. Angalia tarehe hiyo: tuzo imekuja kabla umma wa filamu za biashara haujamjua kama adui. Filamu alianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1970, akikaribia umri wa miaka 40. Kisha mwongozaji Shyam Benegal akamchukua katika Nishant (1975), Manthan (1976) na Bhumika (1977). Hizi si filamu za ngumi na nyimbo bustanini. Manthan iligharimiwa na wafugaji laki 5 wa Gujarat waliochanga rupia 2 kila mmoja.

Upande wa biashara, mlango uliofunguka vizuri ni Hum Paanch (1980), akiwa bwana mwenye ardhi. Zikafuata Shakti na Vidhaata (1982), halafu Hero (1983). Mwaka 1982 huohuo alionekana pia katika Gandhi ya Richard Attenborough, sehemu ya Afrika Kusini, kama mfanyabiashara Khan. (Aliyecheza Gandhi, Ben Kingsley, babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar. Dunia ndogo.) Mwaka 1984 Steven Spielberg akampa nafasi ya adui Mola Ram katika Indiana Jones and the Temple of Doom. Alinyoa kipara kwa ajili ya kazi hiyo, na toka hapo hakurudisha nywele. Filamu yenyewe haikupigwa India, kwa kuwa serikali haikuridhika na skripti. Wakapiga Sri Lanka, maeneo ya Kandy, na ndani ya studio za Elstree, Uingereza.

Halafu Nagina (1986), Mr. India (1987), Ram Lakhan na Tridev (1989), Ghayal (1990), Saudagar (1991), Damini (1993), Karan Arjun (1995), Koyla (1997), Gadar na Nayak (2001). Alicheza pia kwa Kitamil, Kitelugu, Kikannada, Kimalayalam na lugha nyingine za India. Alifariki Mumbai, Januari 12, 2005, akiwa na miaka 72, na bado kulikuwa na kazi zake zilizotoka baada ya hapo.

Hesabu moja ya kumpa kijana wako: Puri alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi bora mara 3, kwa Meri Jung (1985), Ghatak (1996) na Virasat (1997). Katika Ghatak na Virasat ni baba mtu mwema. Na ile tuzo ya Filmfare ya adui bora, pamoja na kutajwa mara kwa mara kati ya wagombea, hakuipata hata mara moja. Kwa maoni yangu majaji walikuwa wanaona jambo la kweli bila kulisema: huyu hakuwa fundi wa uovu, alikuwa fundi wa mamlaka. Mpe mamlaka mabaya atakuogopesha, mpe mamlaka ya baba atakuliza.

Bi Mkunazini

Assalaam alaykum. Kaka Rili kaeleza vizuri, ila orodha yake ukimpa kijana atazame kwa mfululizo wa miaka atachoka kabla hajafika popote. Na naomba sana, sana, asianze na Mogambo, yule adui wa Mr. India.

Najua kila mtu anamtaja Mogambo. Wigi la rangi ya majani makavu, koti la kijeshi la nakshi za dhahabu, pete, kiti kama cha mfalme, na yale maneno matatu, "Mogambo khush hua", yaani Mogambo amefurahi. Lakini Mogambo ni katuni, na alikusudiwa awe katuni. Mr. India ni filamu ambayo watoto wamo ndani yake na watoto ndio watazamaji wake. Ukimwiga Mogambo kwenye shamba la mkonge utapata hichohicho mnachokipata sasa, watu kucheka. Mogambo mwekeeni mwisho, na mkifika kwake mtazame kitu kimoja tu: maneno yale yanarudiwa filamu nzima, lakini hayasemwi kwa namna moja. Kuna mahali ni kuridhika kweli, kuna mahali ni hukumu ya mtu kufa. Askari wake wanaamrishwa kujitosa kwenye tindikali, wanajitosa, naye hainuki kwenye kiti. Anaogopwa kwa sababu ya wanaomtii. Kwa skripti yenu hilo ni somo kubwa: mwandikieni mwenye shamba watu wanaoinamisha kichwa anapopita, na kijana hatohitaji kufoka.

Mpangilio wangu ni huu. Kwanza Bhumika. Puri ni tajiri Kale, anamchukua mwigizaji wa kike (Smita Patil) akaishi naye kwenye jumba lake shamba. Hampigi, hamtukani. Siku mwanamke anataka kumtoa mtoto wa nyumba kwenda kwenye maonesho, ndipo anapofahamu kuwa hana ruhusa ya kutoka. Na Kale analieleza hilo kwa sauti ya mtu anayekuarifu saa ya chakula. Hapo kijana asimamishe filamu, arudishe nyuma, atazame mabega. Hayajapanda. Nyusi zimetulia. Huyu mtu haoni kama anafanya kosa, anaona anaendesha nyumba yake. Mwenye shamba wenu ni huyu khasa.

Halafu Nishant, kaka mkubwa katika ukoo wa mabwana wa ardhi. Tena kimya, tena nyumbani.

Baada ya hizo mbili aingie kwenye filamu kubwa: Karan Arjun. Kisa chake kiko karibu na chenu, Durjan Singh anaua warithi ili mali ibaki kwake. Hapa sauti imepanda, macho yametoka, kila kitu ni kikubwa, maana filamu yenyewe ni ya watu kufa na kuzaliwa upya. Ukitoka Bhumika ukaja hapa ndipo utaona kwamba vifaa ni vilevile, kilichobadilika ni kipimo. Na mwaka huohuo, 1995, miezi tisa baadaye, ikatoka Dilwale Dulhania Le Jayenge. Mtu yuleyule, jicho lilelile, sasa ni Baldev Singh, muuza duka wa London anayewalisha njiwa uwanja wa Trafalgar na kukumbuka kwao Punjab. Hana uovu wowote, na binti zake wanamwogopa hadi wanazima muziki akiingia nyumbani.

Tazameni ule mwisho wa stesheni. Kamshika binti kwenye kiungo cha mkono. Treni inaanza kuondoka. Binti anaomba, analia, anavuta. Kwa muda mrefu Puri hafanyi chochote, anatazama tu, na yote aliyokuwa anatutishia nayo filamu nzima yamo kwenye ule mkono uliobana. Halafu vidole vinaachia. Angekuwa kafoka toka mwanzo, vidole vile visingekuwa na maana.

Kwa kazi ya mdomo mtupu, Nayak: yale mahojiano ya televisheni kati ya waziri mkuu wa jimbo na mtangazaji (Anil Kapoor). Wawili wamekaa vitini. Puri anaanza na tabasamu la mwanasiasa, na swali baada ya swali tabasamu linabaki mdomoni huku macho yameshaondoka. Kijana ayatazame mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili akiwa amezima sauti.

Nagina mumtazame kwa raha zenu. Mganga wa nyoka, zumari, Sridevi anacheza. Hakuna cha kuiga pale ila pumzi.

Fundi Redio

Naingia kwenye sauti, na nakubaliana na Bi Mkunazini kuhusu pumzi.

Jibu fupi: unene ni wa kuzaliwa, matumizi ni ya kujifunza. Koo la mtu lina urefu wake na nyuzi zina uzito wake, huwezi kuzibadilisha. Kinachobadilika ni hewa iliyo chini yake na jinsi sentensi inavyogawanywa. Puri alitoka kwenye jukwaa, ambako lazima mtu wa kiti cha mwisho akusikie bila maikrofoni. Mtu wa namna hiyo akija mbele ya kamera akapunguza sauti, bado nguvu ya kifua imebaki. Unasikia mtu anayeweza kufoka na ameamua asifoke. Kijana wenu anafanya kinyume: ametumia akiba yote kwenye neno la kwanza.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akitaka sauti nzito ni kukandamiza kidevu kifuani na kulisukuma zoloto chini. Inatoka sauti ya kukwaruza, maneno yanafunikwa, na baada ya dakika 20 koo linauma. Siku ya tatu ya kupiga picha hana sauti kabisa. Dalili ya mapema ni kukohoa au kusafisha koo kila baada ya mistari miwili. Ukiona hivyo, simamisha.

Mazoezi ninayopendekeza, dakika 15 kwa siku, wiki mbili kabla ya kupiga. Alale chali, kitabu juu ya tumbo, avute hewa kitabu kipande, aitoe kwa "sss" taratibu hadi afike sekunde 20 bila kutetemeka. Akiweza, asimame, avume "mmm" kwa sauti anayoongelea kawaida, si chini ya hapo, mkono ukiwa kifuani hadi ausikie mtetemo. Kisha achukue mstari mmoja wa skripti na auseme kwa pumzi moja, nusu ya sauti yake ya kawaida, uzito wote ukiwa kwenye neno la mwisho. Kiswahili kinaturahisishia, kitenzi cha amri tunaweza kukiweka mwisho: "Hati zote za baba, kesho asubuhi, zilete." Anayefoka atapiga "hati". Puri angepiga "zilete", tena baada ya kunyamaza kidogo.

Kuhusu kunyamaza: nakala za madijei zinaharibu hapohapo. Dijei anajaza kila upenyo kwa maelezo na utani, ndiyo kazi yake na watu wanaipenda, lakini sekunde mbili ambazo Puri amenyamaza akimtazama mtu, wewe unasikia dijei. Kijana atafute nakala zenye sauti ya asili na maandishi chini, hata kama hajui Kihindi. Tena kutokijua ni faida, atasikiliza mwendo badala ya maana.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Filamu nyingi za Kihindi za miaka ya 1980 na 1990 sauti yake haikurekodiwa lokesheni. Mwigizaji alirudi studio baadaye akaingiza maneno upya akitazama picha. Kwa hiyo ile sauti ya Mogambo inayokujia kama iko ndani ya kichwa chako ni sauti ya chumba kimya na maikrofoni iliyo karibu na mdomo. Maikrofoni nyingi za studio, mdomo ukisogea karibu, zinaongeza uzito wa sauti zenyewe. Nyinyi mnaweza kufanya hivyo bure. Pigeni picha, halafu yale matukio mawili au matatu makubwa ya adui muyaingizie sauti ndani. Chumba kidogo, magodoro mawili yameegemezwa kona, feni imezimwa, friji imechomolewa. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja na pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipige. Kiwango kisipite desibeli 12 chini ya kikomo anapopaza. Na wakati wa kusafisha, mkikata masafa ya chini, mwisho wenu uwe hezi 60 au 70, msipande juu ya hapo. Programu nyingi za simu zinakata hadi 100 au 120 zenyewe, na hapo mmetupa kifua chote cha adui wenu mkabaki na sauti ya redio ya mbao.

Msiingize sauti filamu nzima. Midomo ikipishana na maneno hata kidogo, mtazamaji anatoka kwenye hadithi, na kijana mgeni hatoweza kurudia hasira ileile mara 60.

Kijiti wa Tanga

Ahsanteni sana, hii imezidi nilichotegemea. Bi Mkunazini shikamoo, Bhumika imeshapatikana. Swali la nyongeza: kijana ameng'ang'ania anyoe kipara kama Mola Ram. Mwongozaji anasita. Na tuna taa mbili tu za LED na kioo cha kamera (lenzi) cha milimita 50.

Kamera Moja

Taa mbili zinatosha, hata moja ingetosha.

Kipara kwanza. Puri alikipata kwa Mola Ram kisha kikawa mtaji, kwa sababu kichwa kisicho na nywele ni ubao mtupu. Wigi hili leo, kilemba kesho, ndevu keshokutwa, na mtu anakuwa mwingine. Ndiyo maana aliweza kutoka kwenye filamu kadhaa kwa mwaka asifanane. Lakini kijana wenu anacheza filamu moja. Anyoe kama mwenye shamba anastahili kipara, si kwa sababu Puri alinyoa.

Akinyoa, jueni matatizo yatakayokuja. Ngozi ya kichwa iliyokuwa chini ya nywele ni nyepesi kwa rangi kuliko uso, na kamera inaona mpaka wake wazi. Anyoe angalau siku 7 kabla na atembee juani bila kofia, kwa kiasi. Vinyweleo vinarudi haraka, kwa hiyo kila asubuhi ya kupiga picha lazima wembe upite, la sivyo tukio la Jumatatu na la Alhamisi hayataungana. Kichwa kinang'aa: pauda isiyo na mng'ao ya rangi ya ngozi yake, na tishu ya kugandamiza jasho kila kabla ya kupiga. Kugandamiza, si kufuta. Ukifuta unaondoa pauda na unabaki na michirizi. Tanga jasho halisubiri.

Taa: moja iwekeni pembeni, kama nyuzi 60 kutoka kwenye mstari wa kamera, na ishusheni iwe usawa wa kidevu au chini yake kidogo. Vivuli vya nyusi vinapanda juu badala ya kushuka, na uso wa kawaida unakuwa wa kutisha bila mtu kufanya chochote. Msiipeleke chini kabisa kwenye magoti, hapo mnarudi kwa Mogambo. Itupieni kitambaa cheupe mbele, sentimita 30 hivi kutoka kwenye taa. Ya pili ipunguzeni hadi iwe kama nukta, muiweke karibu kabisa na kioo cha kamera, kazi yake ni kutia cheche kwenye mboni. Macho ya Puri yalikuwa na ukingo mpana wa weupe, na wapiga picha walihakikisha kila mara kuna mwanga ndani yake. Jicho lisilo na cheche linaonekana limekufa, na aliyekufa hatishi.

Kioo cha 50 kisogezeni hadi uso ujaze kuanzia kidevu hadi juu ya nyusi, mara mbili tu katika filamu nzima. Mkizoesha uso mkubwa kila dakika hauna kazi tena.

Kuhusu kupanua macho: asikae ameyatoa muda wote. Mtazameni Puri kwa makini, ameyashusha nusu, anasikiliza, na kwenye neno moja ndipo yanafunguka. Mazoezi ni mbele ya kioo cha kujitazamia, sekunde 10 bila kupepesa, huku paji la uso limelegea. Wengi wanakunja paji, na paji lililokunjwa linaonesha mtu anayejitahidi. Jichoni kukiwa na vumbi la shamba au upepo, msijaribu. Machozi yatatoka na adui ataonekana analia.

Mpenzi wa Pran

Naona mnampamba sana. Mimi sibishi kwamba alikuwa mkubwa, ila kwa kijana anayejifunza kuna la kutahadhari. Miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 alicheza filamu nyingi mno, na katika nyingi alipewa adui yuleyule: bosi, pete, vicheko, kambi inayolipuliwa mwishoni. Zile hazifundishi kitu. Amjad Khan kwa Gabbar wa Sholay (1975) alionesha adui mchafu, mvivu, anayetafuna tumbaku, asiye na kiti cha dhahabu. Pran, mcheza maadui mwingine wa zamani, alibadilisha namna ya kushika sigara, kutembea, kukohoa, kila filamu kitu kipya. Ukitaka aina nyingi, nenda kwa Pran.

Rili ya Zamani

Hoja yako nzuri ndugu, na sehemu yake naikubali, filamu za kambi kulipuliwa ziko nyingi na amezibeba kwa sauti tu. Ila tofauti ni hii: Pran alijenga mtu kutoka nje kuja ndani, kwa vitu na mikogo. Puri alijenga kutoka kwenye cheo. Kwanza, huyu mtu ni nani kwa watu waliomo chumbani? Ndiyo maana mawakili wake wawili, Thakral wa Meri Jung na Chaddha wa Damini, hawabebi silaha na bado unawaogopa. Mahakama ni mahali pao, mashahidi ni wageni wao.

Na hili nadhani ndilo kijana wa Kijiti anahitaji kulikalia kabla ya wembe na taa. Kabla ya kila tukio ajibu maswali matatu kwa sauti: mahali hapa ni pa nani, mimi nataka nini kutoka kwa huyu aliye mbele yangu, na nikikikosa nitapoteza nini. Mwenye shamba akiwa sebuleni kwake anataka sahihi ya mdogo wake kwenye karatasi, hana haja ya kupaza sauti. Amkaribishe chai. Ampe kalamu. Akimfuata mdogo mtu nyumbani kwake, hali inageuka, pale yeye ni mgeni, na hapo ndipo sauti inaweza kupanda kwa mara ya kwanza, kwa sababu kaanza kupoteza.

Ongezeni Ghatak kwenye orodha pia, dakika chache tu. Puri ni mzee mgonjwa aliyeletwa Mumbai kutibiwa, na adui ni Danny Denzongpa, anayemfunga mkanda wa mbwa shingoni na kumwamuru abweke mbele ya watu. Mcheza maadui mkubwa wa zama zake ndiye aliyepiga magoti. Kijana atazame jinsi Danny anavyofanya kazi ndogo, na jinsi Puri anavyompa nguvu yote kwa kuogopa kwake. Hilo wagawieni wanaocheza wadogo mtu: adui hawezi kutisha peke yake, wao wasipoogopa kwa dhati hata Puri angechekesha.

Kijiti wa Tanga

Hapo umenigusa, maana wale wawili wanaocheza wadogo mtu ndio wanaocheka sana mazoezini. Kesho tunarudia tukio la sahihi: sebuleni, chai, kalamu, sauti nusu. Na wembe nimeuweka kwenye mkoba wangu mpaka mwongozaji aamue.

Kamera Moja

Akiruhusu, muanze kwa kupiga picha za majaribio kabla hajanyoa na baada, taa zilezile, mlinganishe. Na kinyozi aambiwe mapema nyusi haziguswi hata kuchongwa, maana nusu ya kazi ya Puri ilifanywa na nyusi.